Pikapu ya Kimarekani: Gari la Kazi Lililogeuzwa Chombo cha Safari ya Jamaa

Iko ada moja katika Marekani ambayo mgeni akiiona kwa mara ya kwanza aghalabu huistaajabia, nayo ni ya baba na mama wenye watoto wawili au watatu, ambao kwa mali yao wangeweza kununua gari jipya lenye kila raha, kuiacha raha hiyo dukani wakaenda kununua pikapu kuukuu ya mwaka 1953 au 1956 au 1969, iliyokwisha kuliwa na kutu nyuma ya banda la shamba, wakaivua bodi mpaka ikabaki fremu tupu, kisha wakaiunda upya kwa fedha nyingi na kwa subira iliyo nyingi kuliko fedha, ili siku itakapokamilika waipakie watoto na mahema wakaizunguke nchi yao. Wako wanaoilaumu ada hiyo, wakisema kwamba gari la kale likitiwa injini ya leo na breki za leo limeondolewa asili yake, na kwamba heshima ya chombo cha kale ni kuachwa kama kilivyotoka kiwandani. Nayaheshimu maneno yao, lakini tarihi haiyaungi mkono. Mwenye kuifuata pikapu tangu kuzaliwa kwake ataona kwamba kwa miaka mingi viwanda viliitoa nusu, na nusu iliyosalia wakaimalizia wenye kuitumia, kila mtu kwa kadiri ya haja yake; na katika haja hizo safari ya jamaa nzima ilikuwamo tangu zama za mwanzo kabisa.

Henry Ford alipolitoa gari lake la Model T mwezi wa Oktoba 1908, lori halikuwamo katika makusudi yake. Aliwatakia watu wa kawaida gari jepesi, lililoinuka vya kutosha juu ya ardhi kuweza kupita njia za matope, lenye injini ya silinda nne na nguvu za farasi 20, ambalo mkulima angeweza kulitengeneza mwenyewe kwa spana chache. Wakulima walilinunua, wala hawakukawia kutambua kwamba sehemu ya nyuma ikikatwa na mahali pake pakawekwa sanduku la mbao, gari lile lile lililowapeleka kanisani Jumapili laweza kupeleka viazi sokoni Jumatatu. Yakatokea makampuni madogo ya kuuza vifaa vya kuligeuzia, na biashara yao ikastawi hata Ford mwenyewe, mwaka 1917, akatoa Model TT, iliyokuwa na chasisi iliyoimarishwa ichukue mzigo wa tani moja, kwa bei ya dola 600. Bei hiyo ilikuwa ya chasisi, injini, magurudumu na boneti. Kebini hakuna, bodi hakuna. Mnunuzi alikwenda kwa seremala wa mji wake, wakakaa wakashauriana juu ya urefu wa mbao, kimo cha kuta, na kama dereva apate paa au apigwe jua. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, kwa kuwa magari ya abiria ya Unguja na Pemba yameundwa namna hiyo hiyo kwa miaka mingi, mafundi wa kienyeji wakipandisha bodi ya mbao juu ya chasisi ya lori, wakipanga viti ubavuni na kuliacha paa kwa mizigo. Mpaka mwaka 1925 ndipo Ford alipoanza kuuza, kwa dola 281, Model T iliyotoka kiwandani na bodi ya pikapu iliyokwisha kufungwa, na kwa wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha zoea kulikata gari na kuliunga watakavyo.

Basi safari nazo. Tangu mwaka 1915 Ford alikuwa akitoka kiangazi pamoja na Thomas Edison mvumbuzi, Harvey Firestone mwenye kiwanda cha mipira, na mzee John Burroughs mwandishi wa mambo ya ndege na misitu, wakienda kulala mahemani porini. Na mwaka 1921 Rais Warren Harding mwenyewe aliungana na Ford, Edison na Firestone huko Maryland. Hawakuwa watu wa kujinyima: walifuatwa na wapishi na lori lililotengenezwa jiko, lenye meko ya petroli na sanduku la barafu la kuhifadhia nyama. Magazeti yaliandika habari zao na picha zao zikaenea, na wasomaji wasiokuwa na wapishi wala mali wakaazimia kufanya kama wao kwa kiasi chao. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wasafiri wa namna hiyo waliunda chama walichokiita Tin Can Tourists, na alama ya mwanachama ilikuwa mkebe wa bati uliochomelewa juu ya kifuniko cha radieta, ili mwenzake amtambue kwa mbali njiani. Watu hawa wenye mikebe ndio ninaowahesabu kuwa mababu wa kweli wa waundaji wa leo, kwa kuwa walifanya kila jambo kwa mikono yao: walitandika turubai kutoka ubavuni mwa gari ikawa baraza, wakafunga kabati lenye mlango wa kulala chini ukawa meza, wakajenga vitanda vya kukunja juu ya viti, na waliokuwa hodari zaidi wakaing'oa bodi yote wakaweka kijumba cha mbao chenye madirisha na mapazia. Viwanda vya kuwauzia vitu hivyo vilikuwa vichache, wala hawakuona haja ya kuvingoja.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, na pikapu ikapewa kazi ambayo hakuna aliyeiombea. Katika miaka ya 1930, ukame na pepo zikaiinua ardhi ya Oklahoma, Kansas na pande za Texas ikawa vumbi, hata Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi likaufanya mchana kuwa usiku. Mabenki yakatwaa mashamba, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya magharibi kwenda California. Wengi walipita Barabara ya 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi pwani ya Pasifiki, maili zipatazo 2,400. Tazama picha zilizopigwa na Dorothea Lange kwa ajili ya idara ya serikali, nawe utaona jinsi jamaa hao walivyoyapanga malori yao: magodoro juu kabisa, yakiwa kivuli na kitanda kwa wakati mmoja, sufuria na karai zimening'inizwa pembeni, tairi la akiba limefungwa mahali ambapo mkono utalifikia bila ya kushusha mzigo, na mbele, karibu na radieta, mfuko wa turubai wenye maji, kwa sababu jangwa la Mojave lilikuwa mbele yao, na injini za zama zile zilikunywa maji kama wanyama. Aliyeliona jambo hili kwa macho makali kuliko wote ni John Steinbeck, aliyeifanya aila ya Joad, katika riwaya yake ya mwaka 1939, ilinunue gari la Hudson la abiria na kulikata mpaka likawa lori la kuwachukua bibi, babu, wazazi, watoto na nyama ya chumvi. Mashauri yao juu ya nini kichukuliwe na nini kiachwe ni mashauri yale yale yanayofanywa leo na mwenye kupanga pikapu ya matembezi, isipokuwa kwamba kwao kosa moja la uzito lingeweza kuvunja springi mahali pasipo msaada, na safari ikaishia hapo.

Kwa watu weusi wa Marekani mipango ya safari ilikuwa na mzigo mwingine juu ya mizigo hiyo. Hoteli nyingi ziliwafungia milango, mikahawa iliwakataa, na ilikuwako miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe ameondoka kabla ya jua kutua. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyekaa Harlem katika mji wa New York, alianza kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri wenzake nyumba za kulala, gereji na mahali pa kula ambapo wangepokewa kwa heshima, na kitabu hicho kikaendelea kutolewa mpaka miaka michache baada ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Wenye kusafiri kwa kitabu hicho walichukua chakula cha safari yote, maji, mablanketi, na petroli ya akiba, wakawa wameligeuza gari lao kuwa nyumba kwa kulazimishwa na dhuluma. Huzungumzwa sana juu ya uhuru wa barabara za Marekani, na ni haki habari hii itajwe kila uhuru huo unapotajwa.

Turudi kwenye viwanda. Mwaka 1935 Chevrolet ilikuwa imekwisha toa Suburban, bodi ya chuma yenye milango miwili na viti vya watu wanane juu ya chasisi ya pikapu ya nusu tani, na huo ulikuwa ukiri wa kwanza wa kiwanda kikubwa kwamba chasisi ya mizigo yaweza kuchukua watoto. Vita vikazuia kila kitu. Vilipokwisha, Chevrolet mwaka 1947 na Ford mwaka 1948 zilitoa pikapu ambazo hata leo ndizo zinazotafutwa kuliko zote. Ile ya Chevrolet ilikuwa na uso wa mviringo wenye vyuma vitano vilivyolala, kebini pana ya kutosha watu watatu kwenye kiti kimoja, na injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 90. Ile ya Ford, iliyoitwa F-1 na kisha, tangu mwaka 1953, F-100, ilikuwa na kebini iliyowekwa juu ya mipira ili mtikiso wa fremu usimfikie dereva wote. Nimewahi kusimama penye mlango wa mojawapo, nikaufungua na kuufunga mara kadhaa kwa ajili ya kuusikia tu. Bati lake ni nene, bawaba zake hazilegei, na kitasa kinajibu kwa sauti moja nzito. Ndani hamna kitu cha kupendeza jicho ila saa ya mwendo, vipimo vichache vya duara, usukani mkubwa kama sinia, na gia yenye mkono mrefu unaotoka sakafuni. Yaliyo ya lazima yote yamo, na fundi aliyeyaunda hakuona aibu kuonyesha kazi yake.

Vijana waliorudi vitani walizikuta pikapu hizi, na walikuwa na maarifa ya injini waliyoyapata jeshini. Huko California, hata kabla ya vita, watu walikuwa wakiyashindanisha magari yao kwenye maziwa yaliyokauka, na chama chao cha kusimamia mashindano kikaundwa mwaka 1937. Januari 1948 Robert Petersen akatoa toleo la kwanza la gazeti la Hot Rod, na maarifa yaliyokuwa yakinong'onwa katika gereji za mitaani yakaanza kusomwa nchi nzima. Mwaka 1955 Chevrolet ikatoa injini mpya ya silinda nane, ndogo, nyepesi na rahisi kupatikana, ambayo ilitoshea chini ya boneti ya karibu kila gari lililotangulia. Tangu hapo kuitoa injini ya zamani na kuweka nyingine kulikoma kuwa ujuzi wa wachache, kukawa kazi ambayo mtu na mwanawe wangeweza kuimaliza katika likizo za mwisho wa juma.

Jambo lililoifanya kazi hiyo kuwa haja, si anasa, ni barabara. Katika kiangazi cha mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa magari kutoka Washington hadi San Francisco, nao ukachukua siku 62, ukivunja madaraja ya mbao na kuzama mchangani. Na miongoni mwa maofisa waliokuwamo alikuwa kijana mmoja jina lake Dwight Eisenhower. Hakuyasahau aliyoyaona. Alipokuwa rais alitia sahihi, tarehe 29 Juni 1956, sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, pana, zisizokatwa na njia nyingine. Barabara hizo zilibadili maana ya safari. Pikapu ya mwaka 1950 iliundwa kwa njia ya shamba, na meno ya diferensha yake yalipangwa kwa kuvuta mzigo taratibu. Ikipelekwa maili 65 kwa saa kutwa nzima injini yake hulia, usukani hutangatanga, na breki zake za dramu hupata moto kwenye mteremko mrefu zikaacha kushika. Anayetaka kuitumia pikapu hiyo katika barabara za Eisenhower hana budi kuibadili, au kubaki vijijini. Wanaolaumu mabadiliko husahau kwamba njia ilibadilika kwanza.

Mwaka 1960 Steinbeck yule yule, akiwa na umri wa miaka 58 na jina kubwa duniani, aliona kwamba ameandika juu ya nchi yake kwa miaka mingi bila ya kuiona. Akaagiza pikapu mpya ya GMC yenye nguvu za kuchukua robo tatu ya tani, akaifunga nyuma kijumba chenye kitanda, jiko, meza na jokofu, akaipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote, akaondoka Sag Harbor mwezi wa Septemba na mbwa wake Charley. Kitabu alichokiandika kilitoka mwaka 1962, mwaka aliopewa tuzo ya Nobel, na pikapu yenyewe imehifadhiwa mjini Salinas, California, katika jumba lenye jina lake. Mtu aliyewaandikia wakimbizi wa vumbi na Hudson yao iliyokatwa ndiye aliyewafundisha wenye nafasi kwamba pikapu yaweza kuwa nyumba ya kutalii. Ada ya dhiki na ada ya starehe zilikutana katika kalamu moja, na sidhani kwamba ilikuwa sadfa.

Baada ya hapo viwanda vilikimbilia walikokwisha fika watu. Kampuni ya International ilikuwa imetoa mwaka 1957 pikapu ya Travelette ya watu sita, yenye mlango wa tatu upande mmoja. Ford ikafuata na kebini ya milango minne mwaka 1965. Na Chevrolet za mwaka 1967 hadi 1972 zilikuwa na springi laini za kutosha mtoto kulala njiani.

Sasa na aje mwenye kupanga kuiunda mojawapo kwa ajili ya jamaa yake. Swali lake la kwanza ni idadi ya watu. Kiti kimoja kirefu kinatosha watu watatu, na mwenye watoto wengi atatafuta Suburban au Travelette ya kale, ama atamwendea fundi wa kuunga kebini mbili zikawa moja yenye milango minne, kazi ngumu inayotaka bati linyooshwe kwa jicho lisilokosea, kwa sababu mstari wa paa ukipinda kidogo tu kila mpita njia atauona. Swali la pili ni jepesi kusahauliwa nalo ni kubwa kuliko yote: tangi liko wapi? Pikapu nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 ziliwekewa tangi la petroli ndani ya kebini, nyuma ya kiti, mgongoni mwa dereva na abiria wake. Lazima litolewe, lipelekwe chini ya bodi ya nyuma kati ya vyuma vya fremu, na nafasi yake ipewe mablanketi. Kisha breki: kabla ya mwaka 1967 masta silinda ilikuwa na njia moja ya mafuta, na bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hubaki bila breki; basi itiwe masta silinda ya njia mbili na disiki mbele. Nguzo ya usukani ya kale ni fimbo moja isiyokunjika ikigongwa, nayo ibadilishwe. Mikanda ya usalama ifungwe penye chuma kilichoimarishwa, si kwenye bati la sakafu. Mbele, mafundi wengi hutia mfumo uliotokana na Mustang II ya miaka ya 1974 hadi 1978, ambao huliacha kila gurudumu lipande na kushuka peke yake. Na injini aghalabu ni ya ukoo wa LS, iliyoanza katika Corvette ya mwaka 1997, ikifuatana na giaboksi ya otomatiki yenye gia ya mwisho ya kupumzisha injini katika masafa marefu.

Yaliyobaki yaachwe. Uso wa gari, mviringo wa bawa za magurudumu, vipimo vya duara, ule mlango mzito: hivyo ndivyo vilivyomfanya mtu aipende pikapu hiyo kabla ya kujua kwa nini. Fundi anayevipunguza kwa kutafuta usasa ameikata pikapu mahali pasipohitaji kukatwa, na hapo mimi pia nitasimama upande wa walaumu.

Malori na pikapu za umri huo hayajakwisha kwetu pia. Yako nyuma ya maghala ya katani na katika nyua za misheni, yakiwa mazima kuliko wenyewe wanavyodhani. Nawasihi wenye kuazimia kuyafufua kwa ajili ya wana wao waanze na tangi, kisha breki, kisha mikanda, na fedha ya rangi waitoe mwisho, hata kama pikapu italazimika kufanya safari yake ya kwanza ikiwa bado na kutu mlangoni.